Akina Kambale Wawili kwenye Waya Mmoja

Enzi zetu pale Butembo, kompyuta ilikuwa na chumba chake, na wewe ndiye uliyeifuata. Shule yetu ya sekondari ilikuwa nazo saba, zenye vioo vinene na migongo mirefu, zimeunganishwa kwa nyaya bila intaneti yoyote. Zikiwashwa, chumba kinanuka vumbi la moto, na tuliipenda harufu hiyo kuliko ya mandazi ya getini. Wa umri wangu wananielewa. Vijana watadhani nasimulia habari za Nuhu.

Mwalimu wetu alikuwa Madame Katungu. Sijapata kumwona mtu kama yule. Hakuna aliyemfundisha Python, lugha ya kuandikia programu. Aliisoma mwenyewe kwenye karatasi za Kifaransa alizorudufisha, akaja kutufundisha namna ya kuzifanya mashine zizungumze. Kabla hatujagusa kibodi alitugeuza sisi wenyewe kuwa mashine: mmoja anasimama mlangoni, wengine wanabisha hodi. "Sema kwanza unakaa fasi gani," alituimbisha, yaani mahali gani, "kisha sikiliza, kisha pokea mugeni." Tuliimba hivyo njia nzima ya kurudi nyumbani, hadi mama akauliza ule ni wimbo wa kwaya gani.

Muhula wa mwisho tuliandika programu yetu ya kutumiana ujumbe. Sehemu ya kuwaorodhesha waliounganishwa niliiandika mimi, na kichwa kilinivimba kweli. Wakati huohuo prefe, mkuu wa shule, akawa anakitaka kile chumba. Darasa la tatu walikuwa wanabanana wanne kwenye benchi moja, kwa hiyo hakuwa na ubaya. Aliita wazazi wa kamati waje kujionea. Wasiporidhika, mashine zingerudishwa kwenye makasha.

Siku yenyewe wazazi walikaa ofisini mbele ya mashine moja, sisi tukabaki chumbani na zile sita, ukuta mmoja kati yetu na milango wazi. Baba yangu, mkulima wa viazi upande wa Musienene na mzee wa kanisa, aliombwa aanze. Madame alimwandikia swali lake: "Kambale, asubuyi ulikula nini?" Jibu likaja upesi: "Chai na mukate."

Baba akainamia kioo. "Huyu hapana mutoto yangu," akasema. "Kwetu leo tulikula biazi."

Kicheko kilitufikia chumbani, nami bado nangoja swali. Kwetu Wanande jina hufuata zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa pili ni Kambale, na darasani tulikuwa wawili. Programu yangu ilimweka kila mtu chini ya jina lake, basi mwenzangu, mtoto wa mwenye duka, alipoingia baada yangu, alinifuta bila kujua, na swali langu likamwendea yeye. Mnande mzima mimi, na jambo hilo halikuwa limenijia akilini.

"Basi mashini inachanganya batoto ya batu," prefe akasema taratibu. Niliona chumba kimekwenda, tena kwa mkono wangu.

Mwalimu mwingine angeusingizia umeme. Madame alisema, "Ni kweli, Monsieur le préfet. Kosa iko kwetu. Mungoje kidogo, batoto batatengeneza." Akaja akasimama nyuma yangu, mikono mgongoni, asiguse kitu. "Jina haitoshi," akaninong'oneza. "Mugeni anakuyaka na nini ingine?"

Mgeni huja na anwani ya mashine yake, na namba ya mlango aliopitia. Nikabadilisha mistari. Mara ya kwanza ikakataa. Kuna mstari sikuusogeza ndani, na Python haisamehe hilo. Mara ya pili ikakubali, na kwenye orodha tukatokea akina Kambale wawili, kila mmoja na namba yake.

Baba akauliza tena. Safari hii akajibiwa biazi, pamoja na maharage ya jana. Akawageukia wenzake: "Darasa ya tatu bakuye kusomea ku kanisa yetu, siku za kazi iko tupu. Muachie batoto hii chumba." Wazazi wote wakasimama kukubali, na prefe akampa Madame mkono. Mimi nililia, sioni haya kusema.

Siku hizi nafanya kazi ya mitandao Beni, na hapa mtaani Beu naishi na mpwa wangu. Anaiomba simu, nayo inamwandikia kwa dakika moja kilichotuchukua muhula mzima. Nikimuuliza mstari fulani unafanya nini, anasema, "Tonton, mais inatumika," yaani, mjomba, lakini si inafanya kazi. Mengi anayajua kunizidi, nakiri, na si mvivu hata kidogo. Lakini anajifunzia kitandani, masikio ameyaziba. Akikosea hakuna wa kucheka, na akifaulu hakuna wa kusimama. Ana kila kitu tulichokosa sisi. Chumba kile ndicho hana.