Nyuzi Saba Kwenye Msumari

Mwaka ule niliapa kofia saba. Si nane, wala si saba na ile ya mtoto "ambayo ni ndogo tu, haihesabiki". Saba. Kiapo chenyewe alikitunga mke wangu, maana mwaka wa nyuma yake nilikubali kumi na nne kama mtu aliyepungukiwa akili, na asubuhi ya Idd wanaume wawili walikuja kuchukua kofia zisizo na paa. Mmoja aliivaa hivyo hivyo kwa hasira, utosi nje, ili mtaa mzima uone nilivyo mwongo.

"Ukizidisha saba," mke wangu alisema, "daku utajipikia."

Anayejua ninavyopika ataelewa kwamba jambo lilikuwa zito.

Mimi nauza piyesi, yaani vipuri vya magari, hapa mtaani Buyenzi, kwenye kiduka ambacho ukinyoosha mikono unagusa plaketi za breki upande huu na filta upande ule. Kati ya mteja na mteja, nafuma. Marehemu mama alinifundisha nilipovunjika mguu nikiwa kijana, kwa ile sindano yenye ndoano mdomoni tunayoiita kroshe, ili nitulie. Mguu ulipona, kufuma kukabaki. Kila Ramadhani nafuma kofia nyeupe na kuzigawa bure siku ya Idd. Kosa langu lote liko kwenye hilo neno bure.

Nasikia kuna watu wanaopenda zawadi ya kushtukizwa. Buyenzi hatutaki mambo ya kushtukizana. Zawadi tunaiagiza, tena kwa kipimo. Mtu anajizungushia uzi kichwani, anapiga fundo pale unapokutana, ananiletea, nami naining'iniza kwenye msumari nyuma ya kaunta. Uzi mmoja, kichwa kimoja. Ahadi ni deni, wananikumbusha, watu ambao hawajawahi kushika sindano hata ya kutolea mwiba. Mkali kuliko wote ni fundi wa gereji ya jirani, ambaye tangu nimfahamu sijawahi kuona kucha zake zilivyo chini ya grisi. Huyo ndiye anayenisisitizia weupe. "Mukubwa, yangu ikuwe nyeupe kabisa," ananiambia, ameshika injekta.

Kichwa kimoja tu hakikuwahi kuniletea uzi, nacho ndicho nilichokitaka kuliko vyote. Ni cha baba yangu.

Baba alifungua injini maisha yake yote hadi magoti yalipokataa. Kwake yeye dunia ina mafundi na ina watu wengine, na fundi ni yule anayefungua gari likawa vipande mia, akalifunga, na likawaka. Anayejenga nyumba, kwake, ni mtu wa matofali. Anayeshona nguo ni mtu wa cherehani. Mimi, mtoto wake wa kwanza, nilikuwa "ule wa uzi". Alinitaja hivyo mbele ya wageni, mbele ya wakwe, kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi. "Muulize ule wa uzi kama chai iko." Kila Idd nilimwona akienda kuswali na kofia yake ya dukani, ya zamani, na kila Idd nilijiambia mwaka ujao ataomba. Hakuomba, nami sikujipeleka. Kiburi tumerithishana, asante.

Basi Ramadhani ile nyuzi zikafika sita, ya saba ikawa yangu mwenyewe, maana anayefuma naye ana kichwa. Msumari ukafungwa. Mke wangu akahesabu, akaridhika, daku ikaendelea kupikwa.

Kwenye wiki ya tatu nilirudi kutoka swala ya alasiri nikakuta kitu cha nane kwenye msumari. Haukuwa uzi. Ulikuwa waya mwekundu wa umeme wa gari, umekatwa kwa koleo ncha zikiwa sawasawa kabisa, umekunjwa kama wanavyokunja mafundi. Sikuhitaji kuuliza ni wa nani. Jirani yangu wa gereji alinipa ujumbe hata hivyo.

"Muzee alipita hapa. Amesema, kama nafasi iko. Kama haiko, usijisumbue."

Nilifurahi kwa muda wa kumeza mate, na kwa kuwa nilikuwa nimefunga, mate yenyewe hayakuwapo. Kisha nikakasirika. Miaka yote hiyo ya "ule wa uzi", halafu anapita wakati sipo, anatundika waya kama mtu anayeacha gari gereji? Hata kunitazama usoni hakutaka. Nilikaa juu ya kiti changu nikajisikia mtu muhimu sana.

Jioni nilimweleza mke wangu, nikitegemea atanisifu kwa kulinda kiapo.

"Hii ya baba fuma," akasema. "Kiapo nilikifunga mimi, na mimi nakifungua."

"Saba ni saba."

Akanipima kwa macho. Mtu ambaye mwaka jana alikubali kumi na nne, mbili kati ya hizo za watu asiowajua hata sura, leo amekuwa mtu wa msimamo.

"Hasira hasara," akasema.

"Methali hazifumi kofia," nikamjibu, nikaona nimesema la maana.

Kofia moja hunichukua siku tatu. Nilimaliza ya saba, yaani yangu, siku ya ishirini na saba. Hesabu yake haihitaji msomi: nafasi ilikuwapo, kamili kabisa. Nikatangaza kwamba mkono unauma. Mkono haukuuma. Nilikaa dukani siku tatu, mikono magotini, nikiuza taa za indiketa na kuutazama ule waya, na sikuushusha hata kuupima. Nilitaka aje aniombe kwa mdomo wake. Hakuja.

Asubuhi ya Idd nilivaa kofia yangu mpya, nyeupe, nikakaa kwenye safu. Mbele yangu niliona kazi zangu kwenye vichwa vya watu, na nisidanganye, niliona raha. Baba alikuwa safu mbili mbele, na ile ya zamani, ukingo wake umekuwa rangi ya chai. Jirani yangu wa gereji alikuwa ubavuni mwake, kofia yake tayari ina alama ya kidole cha mafuta juu ya sikio.

"Muzee," akamwambia kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini, "kumbe mutoto wako amekusahau?"

Nilijua kinachofuata. Nilikisubiri, nimekaza meno.

Baba hakugeuka. "Apana," akasema. "Fundi ako na kazi mingi. Zamu yangu bado."

Khutba ilihusu nini sijui mpaka leo. Niliona haya mpaka masikio yakawaka, nikatamani yule jirani aongee tena, kuhusu jambo lolote, ili ile sauti ya baba iniondoke kichwani.

Khutba ilipokwisha sikumsalimia mtu. Nilikwenda dukani, nikafungua mlango, nikashusha waya, nikauzungusha kwenye kichwa changu mwenyewe kwa mara ya kwanza. Ncha ilikutana na ncha. Asubuhi nzima nilikuwa nimevaa kofia inayomtosha baba yangu.

Nilipita mtaani kichwa wazi, siku ya Idd, watu wakinishangaa. Baba alikuwa kibarazani kwake na birika la chai. Nikamwekea kofia gotini.

"Idd mubarak, baba."

Hakuivaa. Aliigeuza ndani nje, kama alivyokuwa akikagua kazi za mafundi wengine kabla ya kuwatukana, akapitisha kidole gumba mzunguko baada ya mzunguko. Karibu na juu kabisa kikasimama.

"Hapa umeruka tundu moja."

Nililijua lile tundu. Nililiruka siku ya ishirini na sita, macho yangu yakiwa kwenye waya wake. Kwa miaka yote ya kugawa kofia hapa Buyenzi, hakuna mtu aliyewahi kutazama kiasi cha kuona kosa.

"Ndiyo, baba."

"Mama yako angekufumulisha yote."

"Kweli, baba."

Akavua ile ya zamani, akaikunja, akaitia mfukoni. Akavaa yangu na tundu lake, akaniambia niketi, chai inapoa.