Sharubu za Mwalimu Ngonyani

Msimu wa pamba ulipofika, Ngokolo, mtaa wetu, yote ilinuka mbegu za pamba. Harufu hiyo ilitoka kiwanda cha pamba, ikaingia kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye uji wa asubuhi. Ilikuwa harufu nzito ya mafuta, tamu kidogo, kama karanga zilizosahauliwa juani. Baba alifanya kazi huko kiwandani na kurudi jioni na nyuzi nyeupe kwenye nyusi, kama mtu aliyezeeka kwa mchana mmoja. Mama alikaa barazani akikata vipande vya viazi vitamu vilivyochemshwa na kuvianika mkekani vikauke, viwe matobolwa ya kuuza sokoni. Mdogo wangu Masanja alikaa mbele yake akimtazama mdomoni. Mimi nilichota maji, nilifagia, nilisugua sufuria. Nikiukumbuka mwaka ule, mwishoni mwa miaka ya sitini, ndivyo ninavyotuona: wao wawili wakitazamana, nami nikipita pembeni na ndoo.

Masanja hakuzaliwa hivyo. Akiwa na miaka mitano alishikwa na homa kali, shingo ikakakamaa, akalazwa karibu mwezi mzima. Aliporudi, masikio yake yalikuwa yamebakiwa na kazi kidogo sana. Radi aliisikia. Mlango ukibamizwa alishtuka. Lakini maneno hayakumfikia mpaka auone mdomo unaoyasema. Hakuna aliyemfundisha; alijifunza kwa kumtazama Mama, na Mama naye akajizoeza kusema polepole, uso ukiwa kwenye mwanga, bila kutafuna na bila kufunika mdomo kwa kanga. Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza, na mtaa mzima ulimwita Mama Kabula, kwa jina langu. Hata hivyo kwangu alisema akiwa amenipa mgongo, anapuliza moto, kwa kuwa mimi nilisikia popote nilipokuwa.

Mwaka ule Masanja alikuwa darasa la nne nami la sita, shule moja. Siku hizo mtihani wa darasa la nne ulikuwa mlango mwembamba: aliyefaulu aliendelea la tano, aliyeshindwa alirudi nyumbani. Baba alikwisha kusema kwamba Masanja akishindwa atakwenda Segese kuchunga ng'ombe wa babu, na Baba hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili. Mwalimu wa darasa la nne aliitwa Ngonyani, mtu mrefu kutoka Songea, mwenye sharubu nene zilizofunika mdomo wa juu wote na kuugusa wa chini. Alizichana kwa kitana kidogo kabla ya kengele. Kila asubuhi alisoma imla huku akitembea kati ya madawati, mikono nyuma. Masanja, aliyewekwa dawati la mwisho kwa sababu ya urefu wake, aliona mgongo wa mwalimu ukienda na sharubu zikirudi. Aliandika alichobahatisha, na kila neno alilokosea lilikuwa na fimbo yake.

Mama alikwenda shuleni mara tatu. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo alibeba karanga za kukaanga, akapiga goti, akasema shikamoo, akaomba mtoto akae mbele na mwalimu asome akiwa amemwelekea. Mwalimu Ngonyani hakuwa mkatili. Alizirudisha karanga na kumwambia kwa upole kwamba ana watoto hamsini, kwamba akimpendelea mmoja wengine watasema nini, na kwamba labda kijana ni mvivu tu. Mara ya tatu Mama alirudi akakata viazi mpaka kisu kikamkata. Nilimfunga kidole. Nakumbuka nilifurahi kwamba kwa dakika chache alikuwa anautazama mkono wangu.

Mambo yaligeuka msibani. Mzee mmoja jirani yetu, Msumbwa kama Mama, alifariki, na watani wakaja kufanya kazi yao. Kati yao alikuwa Mwalimu Ngonyani. Alilivaa koti la marehemu, akachechemea kama marehemu, akadai chai kwa sauti ya marehemu mpaka wajane wakacheka huku wanalia. Wasumbwa na Wangoni ni watani tangu vita vya mababu zao, na mtani ana ruhusa ambazo ndugu hana: hutukana, huchukua, humteka mtu mpaka ajikomboe, na anayekasirika ndiye mwenye aibu. Mara zote tatu Mama alikuwa amemwendea kama mwalimu tu. Hakujua kwamba mwalimu ni Mngoni. Hakuwa amewahi kumuuliza kwao. Nilimwona akimtazama kutoka jikoni kwa wanawake, akitabasamu peke yake, mwiko mkononi.

Jumatatu yake nilitumwa kupeleka madaftari ya darasa letu ofisi ya walimu, nikamkuta Mama ndani. Hakuwa amepiga goti. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha Mwalimu Ngonyani, amevaa kofia yake ya pama, na fimbo yake ameiweka mapajani.

"Mngoni," alisema, "leo umetekwa."

Walimu waliinua vichwa. Mwalimu Ngonyani alisimama katikati ya ofisi kama mgeni. "Na nani? Na mjukuu wa watu waliojificha mapangoni?"

"Waliojificha walikuwa wanakuacha ushibe kwanza. Babu yako alikula ng'ombe wetu mpaka akavimbiwa, na wewe tumbo hilo umelirithi. Nimekuja kudai."

"Ng'ombe sina. Chukua baiskeli."

"Baiskeli ya Mngoni si itakuwa ya wizi? Sitaki. Nataka hizo." Akanyoosha fimbo kuelekea sharubu.

Mwalimu mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Mwalimu Ngonyani alizishika sharubu zake kwa mikono miwili. "Hizi hata mke wangu hazigusi."

"Mke wako hana mtoto anayesoma midomo," Mama alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, na kicheko kikapungua chenyewe. "Mwanangu anasoma midomo, Mwalimu. Hajawahi kusoma kitabu chochote vizuri kama anavyosoma mdomo wangu. Lakini wa kwako umeota nyasi. Umekuwa ukimchapa kwa sababu haoni njia."

Nilisimama mlangoni na madaftari mikononi mpaka mikono ikafa ganzi. Hakuna aliyeniona. Walikubaliana hivi: dawati la mbele, imla isomwe kwa kusimama mahali pamoja, fimbo isimguse kwa neno ambalo hakuliona. Kisha Mama akarudisha kofia na fimbo. Kesho yake Mwalimu Ngonyani alikuja mstarini amenyoa. Ngozi juu ya mdomo wake ilikuwa nyeupe kuliko sehemu nyingine ya uso, kama mahali ukutani palipotolewa picha. Shule nzima ilicheka isipokuwa watu wawili. Masanja hakucheka kwa sababu alikuwa ameshaanza kumsoma. Mimi sikucheka kwa sababu mtu mzima, mwalimu, alikuwa amejinyoa kwa ajili ya mdogo wangu.

Nilikuwa na tabia ya kuangalia na kuhifadhi, nami nilihifadhi kila kitu. Nilipofaulu mtihani huo huo miaka miwili nyuma, Mama alisema "vema" na kunituma bombani. Hakuwahi kufika darasani kwangu. Sidhani alijua ninakaa dawati gani. Daftari la imla la Masanja sasa lilifunguliwa kila jioni barazani, na kila alama ya vema ikaguswa kwa kidole. Majirani walikuja kusikia habari za utekaji, Mama akazisimulia upya, na katika kusimuliwa huko kukatokea jambo ambalo lilinichoma kuliko yote: wakaanza kumwita Mama Masanja. Hakuna aliyeona kwamba jina limechukuliwa mahali. Mama mwenyewe aliitika.

Bombani, kwenye foleni ya ndoo, msichana mmoja wa darasa letu aliniuliza kwa nini hasa yule mwalimu amenyoa.

"Mama amemfanya anyoe," nilisema.

"Amemfanyaje? Kwa dawa?"

Sikusema ndiyo. Ni lazima niandike hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu kwa muda mrefu nilijitetea kwa hilo. Sikusema ndiyo. Nilitazama pembeni, nikaongeza, "Mimi sijui mambo ya Wasumbwa," nikajitwisha ndoo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Baada ya siku nne wazazi wawili walikwenda kwa mwalimu mkuu kuuliza kama ni kweli mwalimu wa watoto wao amelishwa kitu. Mwalimu Ngonyani aliyekubali kuchekwa kama mtani hakukubali kuchekwa kama mtu aliyerogwa, tena ugenini, mbali na Songea. Akaacha sharubu zikaota. Masanja akarudishwa dawati la mwisho. Sokoni wanawake walianza kulipita ungo wa Mama bila kugusa matobolwa, na Mama, ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi kama ya mpishi yeyote, akaanza kutembea ameinamisha uso. Katika nchi yetu macho mekundu yalitosha mwanamke kuitwa mchawi, na hilo halikuwa jambo la mzaha. Hakuuliza nani kasema. Daftari la Masanja likajaa wino mwekundu, na Baba akamtumia babu salamu Segese kwamba mchungaji anakuja baada ya mtihani.

Ningependa kusema huruma ilinishinda. Kilichonishinda kilikuwa kumwona Masanja akifanya mazoezi ya kuchunga. Alitembea nyuma ya nyumba na kijiti, akijaribu kupiga mluzi ambao mwenyewe asingeusikia, mdomo ameukunja vibaya, mluzi hautoki. Hakuwa na huzuni. Alikuwa anajiandaa tu. Nikaenda kwa Mwalimu Ngonyani wakati wa mapumziko nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyeanzisha maneno ya dawa.

Aliweka chaki chini. "Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi nasikia," nilisema.

Nadhani alielewa, maana hakuuliza tena. Hakunichapa. Alisema tu, "Kamwambie mama yako kabla sijamwambia mimi."

Nilimwambia akiwa anamenya viazi. Aliacha kumenya, akageuka, akanitazama usoni, na nikaona jinsi Masanja alivyouona uso ule kila siku: wazi, kwenye mwanga, hakuna kilichofichwa. Nilikuwa nimeutamani mwaka mzima. Sikuweza kuustahimili, nikainama.

"Neno lako ulilitupa bombani," alisema polepole, kama anavyosema na Masanja. "Nenda ukaliokote huko huko."

Jioni ile, foleni ikiwa ndefu, nilisimama juu ya jiwe la bomba nikasema kwamba Mama hakumpa mtu dawa, kwamba mwalimu ni mtani wake, na kwamba nilisema uongo kwa wivu. Mwanamke mmoja mnene, muuza mchele, aliweka ndoo chini. "Wivu wa nini, wewe? Si una masikio mawili?" Wakacheka wote, nikarudi nyumbani na ndoo yangu. Kesho yake muuza mchele alinunua matobolwa ya Mama na kuyala pale pale, mbele za watu.

Majuma mawili kabla ya mtihani Mwalimu Ngonyani alinyoa tena, akamrudisha Masanja dawati la mbele. Imla ya mtihani aliisoma mbele ya dawati la kwanza, hakutembea. Masanja alifaulu kwa alama zisizo za kujivunia, akaenda la tano, na mchungaji mwingine akatafutwa. Mama alichinja jogoo. Nilikula paja, na hata paja lile nililila na wivu, nikihesabu moyoni kwamba mimi nilipofaulu tulikula mlenda.

Masanja sasa ni fundi wa mashine za kusaga mawe ya dhahabu kule Mwakitolyo, na vijana wake wote wamejua kumwelekea wanaposema naye. Mama alikufa akiitwa Mama Masanja, na jina hilo limeandikwa kaburini. Mwaka jana nilimsindikiza binti yangu shuleni kuomba mwanawe mdogo, asiyeona mbali, akae mbele. Hakumteka mtu. Mwalimu, msichana aliyesomea kufundisha watoto wenye mahitaji kama hayo, alijaza fomu moja, akasogeza dawati, akatushukuru kwa kuja. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya kiazi. Nilimwonea binti yangu wivu kwa niaba ya Mama, aliyepoteza miezi na karibu apoteze heshima yake kwa jambo hilo hilo.

Wakati wanaagana nilitoka nje. Mjukuu wangu mkubwa alikuwa amesimama kwenye ngazi, amebeba mkoba wake na wa mdogo wake, akikuna ukuta kwa ukucha. Nilimuuliza anakaa dawati gani darasani kwake. Akashangaa kidogo, akaniuliza kama kweli nataka kujua. Nikamwambia anipeleke, akanionyesha.