Kinyonga Mkononi mwa Mdogo Wangu

Baada ya Uhuru, uwanja wa gofu wa Lushoto ulibaki na wachezaji wachache na sisi vibarua sita wa kufyeka. Bwana misitu mmoja, kijana, akaletwa kutufundisha. Majani ya kando ya kijito tusiyaguse. Na kabla ya kufyeka ua wa miti, tuwaokote vinyonga tuwahamishie huko kijitoni, maana aina ile haipatikani nje ya milima yetu.

Tukatazamana. Kwetu kinyonga ni mkosi, hashikwi, na mwenye mke mjamzito hata kumtazama hamtazami. Mimi niliwabeba kwa kijiti kirefu. Mdogo wangu peke yake aliwashika kwa mkono, na mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba.

"Baba Kinyonga!" wenzetu wakamwita. Alicheka.

Mtoto alizaliwa amekufa. Tulipotoka kuzika, mkewe akamwambia mbele yangu, "Yaliyopita sikulaumu. Ukimshika kinyonga tena, narudi kwetu Soni." Mdogo wangu akaapa.

Wiki iliyofuata bwana misitu akarudi, hana habari ya msiba. "Yuko wapi yule hodari wangu? Ndugu, njoo uwaonyeshe wenzako."

"Leo mkono unauma, bwana."

"Nenda, Baba Kinyonga," mmoja akadakia, "mwanao anakungoja uani!"

Wakacheka. Lile kaburi dogo nilikuwa nimelichimba mimi, na mimi pia nilicheka.

Nyapara wetu akasema asiyetaka mafunzo arudishe fyekeo aende zake. Mdogo wangu akanyoosha mkono wa kulia. Kinyonga akampanda polepole hadi kwenye kiwiko. Bwana misitu akapiga makofi.

Jioni nilimtangulia nyumbani kwake. Mkewe akaniambia, "Shikamoo, shemeji," akanipa kiti. Hakuniuliza kitu. Mimi mwenyewe nikamwambia kuwa mumewe amemshika tena. Nilijidai ni haki yake kujua, lakini mke wangu naye alikuwa mjamzito, na nilitaka mkosi uonekane uko nyumba ile, si yangu.

Kulipokucha shemeji alifunga nguo zake akaondoka. Mwanangu alizaliwa salama.

Mdogo wangu hakuoa tena. Aliendelea kuwahamisha vinyonga kwa mkono, na sisi tukaendelea kumtengea sahani yake peke yake. Hakupata kujua nani alisema. Au alijua, akaninyamazia.

Siku alipokufa, tulipomwosha, niliufikia mkono wake wa kulia, nikasita. Waliokuwa wakimimina maji waliniona.