Magunia Mawili kwa Wino Mwekundu

Lori lilinishusha Kianjokoma, mahali nisipopajua, kwa sababu homugadi, mlinzi wa kijiji upande wa serikali, aliyesoma pasi yangu alisema mhuri wa Embu peke yake hautoshi. Ningesubiri hapo mpaka Alhamisi. Akanielekeza kwa mkuki wake kwenye hoteli ya mjane mmoja, Celina: duka mbele, meza mbili nyuma. Ilikuwa mwaka wa 1955, Hali ya Hatari, na kijiji kizima kilizungushiwa handaki lililopandwa miti iliyochongwa ncha.

Kwenye meza ya pili alikuwa Muthamia, Mmeru wa Githongo, karani wa chama cha kahawa kwa miaka sita. Alinieleza shauri lake kabla chai haijapoa, kama watu wanavyomweleza mgeni asiyekaa. Wenye maduka watano wa Kianjokoma na Kanja walitaka aache chama awaandikie vitabu vyao, akizunguka duka hadi duka, bwana wa nafsi yake. Lakini mtu wa Meru asiye na mwajiri wa kutia sahihi kitabu chake cha pasi alirudishwa kwao. Basi alikuwa amemwomba hedimani, mkuu wa kijiji, pasi ya mtu anayejifanyia kazi, na jibu lilikuwa siku hiyo.

"Akikupa utanunua koti?" Celina akamwuliza. "Sitaki karani aingie dukani kwangu na koti hilo kuukuu kama la marehemu."

"Unilipe kwanza, mama. Koti litakuja lenyewe."

Saa saba hedimani Bundi akaingia, akaweka pasi mezani.

"Chukua, karani. Miezi mitatu, hapa na Kanja yote, bila mwajiri." Akaketi. "Ila kila Jumamosi vitabu vyote vipitie kwangu kwanza. Unga ulioingia, unga uliouzwa. Macho yangu mimi ni ya kuona watu. Ya kuona unga ni yako."

"Nitafikiri, mzee."

"Fikiri. Nitarudi kabla ya lori la Meru."

Alipotoka, Celina hakutania tena. Unga uliotoka dukani bila kuuzwa ulikuwa na njia moja tu, ya msituni kwa wapiganaji. Kila mtu alijua, hakuna aliyesema.

Muthamia akamwomba Celina kitabu cha duka lake, kile alichomwandikia wiki iliyopita kama mfano wa kazi. Kwenye ukurasa wa nne palikuwa na mstari wa wino mwekundu: magunia mawili ya unga hayaonekani. Kule chamani upungufu huandikwa kwa wino mwekundu, mwenyekiti auone hata bila miwani. Naye aliuandika vivyo hivyo, kwa fahari ya fundi. Celina, asiyejua kusoma, alikuwa amewaonyesha wateja ukurasa huo kwa sababu ulipendeza.

"Uchane," Celina akasema aliposomewa.

"Nimezitia kurasa namba kabla ya kuanza. Ndivyo tulivyofundishwa. Wa nne ukikosekana, watauliza wa nne."

Celina akakichukua kitabu chote akakisukuma chini ya sufuria. Jalada lilichelewa kushika moto.

"Hicho ni kimoja," Muthamia akasema. "Cha duka la Rwamba sijakifungua bado. Sijui nitaona nini ndani. Nitachoma vyote vitano?"

"Basi rudi kwenye kahawa yako."

"Nitarudi. Ikiwa Bundi ataniacha."

Bundi aliporudi, Muthamia alimrudishia pasi kwa mikono miwili, akasema macho yake yamedhoofika, hayawezi maduka matano. Bundi akamwomba kitabu chake cha pasi, akapiga mstari juu ya sahihi ya mwenyekiti wa chama.

"Macho mabovu hayafai hata kwa kahawa. Chama kitapata mwingine. Panda lori."

"Nina blanketi na sufuria nyumbani, mzee."

"Vitakuja."

Muthamia akapanda lorini kati ya mabati, bila kofia, akashika ubao kwa mkono mmoja. Hakuna aliyempungia. Lori lilipopita lango la handaki, Bundi akaja kuketi kwenye kiti cha karani, karibu nami. Akaagiza chai, akamwuliza Celina kitabu cha duka lake kiko wapi.