Dakika Ishirini Nyuma ya Mlango

Nyumbani kwetu Dagoretti hakuna mlango wa ndani wenye komeo. Kaka yangu aliyang'oa yote kwa bisibisi Jumapili moja mchana, nikiwa na miaka kumi na tatu, wiki ileile niliyoangukia bafuni na mama akalazimika kuuvunja mlango kwa bega lake. Matundu ya skrubu yapo hadi leo, yamepakwa rangi juu juu. Nimeoga miaka ishirini na minane mlango ukiwa umeegeshwa tu, huku nikisikiliza ni nani anapita nje, na bado watu hunishauri nijifunze kutulia.

Nina kifafa. Nameza vidonge asubuhi na jioni, na vimenisaidia, kwa maana kwamba naanguka mara chache kuliko zamani. Nafanya kazi katikati ya jiji, kwenye duka la vifaa vya ofisi lililo ghorofa ya pili, na pale wameshanizoea. Nikianguka wananigeuza ubavu, wanasogeza viti, wanangoja. Mwenye duka ni mama mwenye huruma na maneno mengi. Nikizinduka huwa nataka kulala siku nzima, lakini huwa kuna mteja anataka bahasha. Kuanguka kwenyewe ni dakika mbili tatu ambazo mimi sizioni. Kinachonimaliza ni kungoja kuanguka. Nikipanda ngazi nangoja, nikivuka barabara nangoja, nikishika kikombe cha chai ya moto nangoja.

Haya mambo ya kutulia yaliletwa na muuguzi wa kliniki yetu, mwanamume mnene mwenye sauti laini ambayo hungeitarajia kutoka kwenye mwili ule. Alhamisi, foleni ikishaisha na waliotusindikiza wakingoja nje, alikuwa akitandika mikeka kwenye ukumbi wa kungojea na kutulaza chali, watu wazima na viatu vyetu tumevipanga ukutani.

"Hii si dawa," alisema siku ya kwanza. "Vidonge hakuna kuacha hata siku moja, tumeelewana? Lakini mtu akikosa usingizi, akiishi na wasiwasi, wengi wenu hapo ndipo mnaanguka. Sasa tunajaribu kupunguza hiyo."

Akatufundisha kulegeza mwili kuanzia vidole vya miguu, sehemu moja baada ya nyingine, hadi taya. Akatufundisha kuvuta pumzi polepole na kuiachilia polepole zaidi. Pumzi za harakaharaka alizikataza kabisa, akasema zinaweza kumwangusha mtu wa aina yetu. Mwisho kulikuwa na zoezi la kuvuma: unafunga midomo na kutoa sauti kama ya nyuki mpaka pumzi iishe, mara sita au saba, kisha unalala kimya. Nilicheka moyoni, kisha nikalia machozi yakaniingia masikioni. Hakuna aliyenitazama, maana kila mtu alikuwa amefumba macho. Sikumbuki ni lini kabla ya hapo nililala sakafuni kwa hiari yangu.

Nilipomsimulia mwenye duka, akafurahi kupita kiasi na kunipeleka kwenye darasa la yoga anakoenda yeye, Muthangari, katika nyumba yenye bustani. Alimaanisha mema. Mwalimu alikuwa binti mwembamba aliyetusalimia, "Sasa nyinyi! Leo tunaamsha mwili!" kisha akatutaka tupumue kwa tumbo, upesi upesi. Mimi nikaketi tu. Akanijia, akachuchumaa. "Dada, jaribu tu kidogo." Nikamwambia siwezi kwa sababu nina kifafa. Nilisema kwa sauti ya kawaida, lakini nafikiri ilisikika, kwa sababu dada wa kulia kwangu alivuta mkeka wake kidogo upande wa pili, akijifanya anaunyoosha. Sikurudi tena. Bustani ilikuwa nzuri, hilo nitalisema.

Kwa hiyo nikaamua kufanya nyumbani, chumbani kwangu, dakika ishirini kila siku. Tatizo likawa mama.

Mtu angefikiri mama yangu, mwanakanisa wa miaka nenda miaka rudi, angeogopa mapepo. Wala. Hilo lingekuwa jepesi. Ningemletea muuguzi, waombe pamoja, yaishe. Mama aliogopa kitu kimoja tu, nacho ni mimi kuwa sakafuni. Tangu nilipoanza kuanguka, kila alichokifanya kilikuwa ni kunizuia nisifike sakafuni, au kuwahi nilipo nikishafika. Jino langu la mbele lililovunjika lilivunjwa na kijiko alichonisukumia kinywani miaka ya mwanzo, kabla hajaambiwa kliniki kwamba hakuna kumtia mtu kitu mdomoni. Na sasa mimi nikajilaza mwenyewe kwenye shuka, macho yamefumbwa, mikono imelegea, nikimwomba anifungie mlango.

Siku ya kwanza alifungua kabla sijafika magotini.

"Mami, uko sawa?" Ananiita mami kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

"Niko sawa. Nafanya mazoezi."

"Mazoezi gani ya kulala?"

Nikamweleza. Akasema sawa, amenielewa. Akarudisha mlango. Baada ya dakika mbili nikaona mwanga unaongezeka kupitia kope zangu, akiufungua taratibu kama mwizi. Siku ya pili aliingia mara nne. Siku ya tatu nilikuwa nimelegea kweli, nimefika mahali ambapo mikono huisikii, nikashtuliwa na vidole vyake puani mwangu akipima kama napumua.

Nilimfokea. Nilimwambia maneno ambayo binti hamwambii mama yake wa miaka sabini na mbili. Nilimwambia hanitunzi, ananikesha kama maiti. Nilimwambia labda naanguka kwa ajili yake, kwa sababu hata pumzi yangu ina mtu wa kuisimamia. Alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo begani akanisikiliza hadi mwisho. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

Jioni, tukila, alisema bila kuniangalia, "Ile sauti ya nyuki. Si uifanye wakati wote? Nikiisikia najua uko."

Ndivyo tulivyopatana. Mlango ungefungwa dakika ishirini. Yeye angekaa nje kwenye kigoda, mgongo ukutani, nami ningevuma. Nikinyamaza, anaingia. Muuguzi alikuwa amesema mavumo sita, saba, kisha kimya, na kwamba kimya ndicho chenye kazi. Mimi nilivuma mwanzo hadi mwisho. Nikilegeza mabega navuma, nikilegeza taya navuma. Nikianza kuzama kwenye utulivu, nakumbuka kuna masikio yananingoja, narudi juu navuma. Ilikuwa kazi nyingine tu, nyongeza ya zile za mchana.

Sitasema haikusaidia. Nilianza kupata usingizi, na asubuhi sikuamka na meno yamekazana. Miezi miwili ikapita sijaanguka, kisha wa tatu ukaanza. Mama naye alizoea. Alikuwa akija na kazi yake kwenye kigoda, njegere za kumenya au soksi ya kushona, na nilimsikia akijikohoza upande wa pili. Siku nyingine alisema, "Leo umevuma vizuri," kama mtu anayetoka kusikiliza kwaya. Nilikasirika na nikacheka pia. Lakini nilikuwa nimechoka naye, niseme ukweli. Nilichoshwa na uwepo wake, subira yake, ile miguu iliyokuwa ikija kila nikiangusha kijiko. Nilitamani hata siku moja aseme ana mambo yake ya kufanya.

Halafu ikaja Jumamosi moja ya mvua za manyunyu, saa tisa mchana. Nilirudi kutoka dukani nusu siku. Nakumbuka nilitandika shuka. Nakumbuka mavumo ya kwanza na sauti ya njegere zikidondoka bakulini upande wa pili. Baada ya hapo nakumbuka dari.

Nilijua kabla ya kujua. Ladha ya damu, ulimi umevimba upande wa kushoto, misuli ya mapaja inauma kama mtu aliyelima siku nzima, na chini yangu shuka limelowa. Nililala nikingoja ile miguu. Haikuja. Nikajaribu kukumbuka ni siku gani. Nikaangalia mlango na ulikuwa umefungwa, haukuwa umeegeshwa, umefungwa hasa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa nimeanguka na kurudi peke yangu.

Ningependa kuandika kwamba nilijisikia huru. Wazo lililonijia ni kwamba mama amekufa.

Nilitambaa hadi mlangoni na kuufungua. Alikuwa kwenye kigoda, kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi, bakuli la njegere limeinama mapajani na nyingine zimemwagika hadi kwenye vidole vya miguu yake. Nikafanya kama alivyokuwa akinifanyia mimi, nikaweka vidole karibu na pua yake. Alikuwa anapumua. Alikuwa amelala usingizi mzito, wa kukoroma kidogo, mchana kweupe. Ni yale mavumo yaliyomlaza, sina shaka. Miezi ile yote alikuwa akikaa pale kila siku akisikiliza pumzi ndefu ikivutwa na kuachiliwa, na mwisho mwili wake ukatii.

Sikumwamsha. Nilijishika ukutani hadi bafuni, nikajisafisha, nikasukutua kinywa mara tatu hadi maji yakatoka meupe, nikaloweka shuka kwenye beseni. Kichwa kiligonga. Nikarudi nikaketi sakafuni mbele yake, nikamtazama. Sikuwahi kumtazama akiwa amelala. Siku zote yeye ndiye hunitazama mimi. Ana kovu dogo chini ya kidevu ambalo silijui lilitoka wapi.

Na pale chini nikaanza kupiga hesabu zangu za uoga. Nikimwambia, hatalala tena. Ataung'oa mlango wenyewe safari hii, bawaba na vyote. Zile dakika ishirini zitakwisha, na yeye atajihukumu hadi siku atakayozikwa. Nisipomwambia, tutaendelea hivi, atafikiri nina karibu miezi mitatu sijaanguka, na siku moja nitaanguka vibaya akiwa amelala kwa amani kwa sababu ya uongo wangu. Na kliniki Alhamisi wataniuliza, naye huwa yuko pale kando yangu na mkoba wake.

Alifumbua macho. Akanitazama, akatazama njegere, akaanza kuziokota kwa haraka kama mtoto aliyeshikwa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza," nikasema. Ulimi ulikuwa mzito, nikatumaini hakusikia.

Akaenda jikoni. Nilimsikia akiwasha gesi na kuchota maji ya chai, nikajiambia basi, imepita, wacha ipite. Nilikaa na jambo hilo kwa muda wa maji kuchemka. Kisha nikamfuata, nikasimama pale alipokuwa akisimama yeye siku niliyomfokea.

"Mum, nimeanguka leo."

Mkono wake ukasimama juu ya kopo la majani. "Saa ngapi?"

"Pale ndani. Nikivuma."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umelala."

Niliona likimwingia. Nikajiandaa kwa kilio, kwa maombi, kwa kaka yangu kupigiwa simu. Nikaanza kusema kwamba hakuna kilichoharibika, nilikuwa sakafuni tayari, ningeanguka wapi tena, muuguzi mwenyewe angesema ni mahali salama. Nikaongea sana. Yeye akazima gesi, maji bado hayajachemka, akavuta kiti, akaketi na mikono yake miwili juu ya meza.

"Mami," akasema, "mimi nimechoka."

Katika miaka yote ile sikuwa nimelisikia neno hilo kinywani mwake. Alikuwa na maneno mengine, ya Mungu ni mwema na ya kesho tutaona. Nikauliza swali la kijinga, kwa sababu ndilo lililokuja.

"Tangu lini?"

Akafikiria kwa makini, kana kwamba daktari ndiye aliyeuliza na jibu litaandikwa kwenye faili.

"Tangu ukiwa darasa la saba."

Nikavuta kiti cha pili, nikaketi upande wake wa meza, bega kwa bega, tukitazama jiko lililozimwa. Hakuna aliyeinuka kuliwasha. Nilikuwa nimemkasirikia mama yangu nusu ya maisha yangu kwa sababu hachoki.