Mama wa Shujaa

Mimi ni mtu mzima mwenye watoto, na bado napenda riwaya za watoto, zile zenye majoka na milango ya siri. Kila msimu wa pamba nilitoka Bariadi mjini kwenda kwa mama, Lalago. Alikaa mkekani akichambua pamba, nyeupe huku, yenye madoa kule, nami nikimsomea, nikigeuza kila sentensi kuwa Kisukuma.

Majoka hayakumsumbua. Kilichomkera ni kwamba katika kila kitabu mama wa shujaa alikuwa ameshakufa kabla hadithi haijaanza.

"Na huyu naye hana mama?"

"Hana, mayu," nikamjibu mama.

Akasonya. Siku moja, katikati ya kitabu, akacheka mpaka pamba ikamdondoka mkononi. "Nimewaelewa hawa waandishi. Mama angekuwa hai, huyo mtoto asingefika kwa joka. Angeitwa arudi achambue pamba."

Mwaka huu tumemzika. Matanga yalipoisha na shangazi zangu wakarudi kwao, nilibaki na chumba kilichojaa pamba yake, na kitabu kipya kwenye mkoba. Nikayakumbuka maneno yake, nikacheka peke yangu. Kwa sheria ya vitabu vile, sasa nilikuwa huru kwenda popote, hata kwa majoka. Hakuna tena wa kuniita.

Nikatandika mkeka wake, nikakaa. Nyeupe huku, yenye madoa kule.