Fundo la Mkono wa Kushoto

Nianze na koti, maana lilinitia hofu kabla ya watu. Lilikuwa koti la kijivu, limeangikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa ofisi yetu pale Thika, na mwenye koti alikuwa karani aliyenitangulia. Asubuhi moja askari walimchukua akiwa mbele ya mashine ya taipu, barua imefika nusu, na hakurudi. Yeye alikuwa Mkikuyu. Mimi ni Mkamba wa upande wa mashariki, na katika miaka ile ya hali ya hatari, Waingereza walipokuwa wakiwasaka wapiganaji wa Kikuyu msituni, Mkamba aliweza kupita barabarani bila kusumbuliwa sana. Hiyo ndiyo sababu nilipata kazi. Nilikaa kwenye kiti chake, nikamalizia barua yake, na kila mara mlango ulipofunguliwa nililitazama lile koti kwanza.

Wakili wetu alikuwa Mhindi mwembamba, mwenye vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa. Hakuchukua kesi yoyote ila za wafanyabiashara: mikataba iliyovunjwa, bidhaa zilizoharibika, washirika waliogeukana. Siku hizo wanawake walikuja mlangoni wakilia, waume zao wamekamatwa, naye akawajibu kwa upole, "Mama, sisi nafanya kesi ya mali. Hapana kesi ya shingo." Mbele ya watu nilitikisa kichwa kwa huruma, lakini moyoni nilishukuru. Nilidhani kesi ya mali haiwezi kumuumiza mtu.

Alikuwa na kanuni moja aliyoishika kama dini. Jina la shahidi halikuandikwa kwenye karatasi yoyote itakayotoka nje ya ofisi. Shahidi alipewa namba, na jina lilikaa katika vichwa viwili tu, chake na changu. Alikuwa ameshapoteza kesi nyingi kwa mashahidi kununuliwa au kutishwa. "Karatasi iko na miguu," aliniambia siku ya kwanza. "Jina weka kichwani."

Kesi ninayoikumbuka ilikuwa ya mkonge. Mteja wetu, mfanyabiashara wa Thika, alikuwa amenunua marobota ya nyuzi kutoka shamba moja kubwa la Mzungu karibu na Ruiru. Yalipofunguliwa, nje palikuwa na nyuzi ndefu, nyeupe, safi, na katikati palijaa nyuzi fupi zilizooza. Mwenye shamba akasema mteja wetu ndiye aliyeyafungua ghalani mwake na kubadilisha. Mteja wetu akasema yalitoka shambani hivyo hivyo. Basi wakashtakiana, na barua zikaanza kuruka baina ya mawakili.

Siku moja pande zote mbili zilikutana ghalani kukagua marobota. Upande wa shamba alikuja wakili wao, na nyuma yake meneja mdogo wa shamba, kijana wa Kizungu aliyekuwa akitafuna kijiti cha kiberiti. Hakunitazama hata mara moja. Kwao karani mweusi alikuwa kama meza. Mimi nilikuwa nimechuchumaa nikihesabu vicha vya nyuzi, na hapo ndipo nilipoona jambo. Kila kicha kilifungwa kwa fundo, na mafundo yote yalielekea upande mmoja. Lakini katikati kabisa, kwenye zile nyuzi mbovu, kulikuwa na vicha ambavyo mafundo yake yaligeukia upande wa pili. Yalifungwa na mtu wa mkono wa kushoto.

Nilinyamaza hadi tuliporudi ofisini. Nilipomwambia wakili, alivua miwani, akanitazama, akaniita "Bwana Karani" kwa mara ya kwanza. Nakiri kwamba kichwa kilinivimba. Tukimpata mwenye mkono ule, tutakuwa tumethibitisha kwamba nyuzi mbovu zilifungwa shambani, na kesi itakuwa yetu.

Nilimpata kwa kumuuliza mpakiaji mmoja wa shambani. Alikuwa mama wa watoto wanne, aliyefunga vicha pale shambani kwa miaka mingi hadi nyapara alipomfukuza. Mume wake alikuwa kizuizini, naye aliishi na watoto katika kimoja cha vile vijiji vya wakati ule, vilivyozungushiwa handaki na walinzi. Tukawa na mashahidi watatu: mpakiaji, dereva wa trekta, na yeye. Yeye akawa Namba Tatu.

Nilionana naye Jumapili nyuma ya kanisa huko Ruiru, ibada ilipokwisha. Aliongea haraka huku akitazama njia.

"Nyapara ndiye alituambia tuweke hizo mbaya katikati," alisema. "Mimi nilifunga vichache, kisha nikakataa, akanifukuza. Nitasema hivyo hata mbele ya jaji. Lakini karani, jina yangu isijulikane mapema. Niko na watoto."

"Mama, jina lako haliko mahali popote," nikamwambia. "Liko hapa tu." Nikagusa paji la uso wangu kwa madaha.

Tulikubaliana aje ofisini Alhamisi, afunge fundo mbele ya wakili na kuweka dole gumba kwenye hati yake ya kiapo. Alipoondoka nilitoa karatasi, kwa kuwa wakili alitaka kila neno liandikwe papo hapo. Nikaandika: Namba Moja alipakia. Namba Mbili aliendesha. Namba Tatu alifunga, mkono wa kushoto, anakuja Alhamisi. Kisha, kwa sababu ule ulikuwa ugunduzi wangu mimi na niliuonea fahari, nikapiga mistari miwili chini ya maneno "mkono wa kushoto". Nikaikunja karatasi, nikaiweka ndani ya Biblia, nikapanda baiskeli ya ofisi kurudi Thika.

Karibu na Juja barabara ilikuwa imefungwa kwa miti. Jua lilikuwa la saa nane. Kando ya mtaro wanaume watatu walikuwa wamechuchumaa, mikono kichwani, na shati la mmoja lilikuwa na damu. Askari akanipekua, akaitikisa Biblia, karatasi ikaanguka. Akaiokota na kumpelekea Mzungu aliyekaa kwenye kivuli cha Landirova, amevaa sare ya polisi wa akiba. Walowezi wengi walivaa sare ile siku za mapumziko. Huyu alikuwa akitafuna kijiti cha kiberiti.

Nilimtambua mara moja, na yeye hakunitambua hata kidogo.

"Hii nini?" akauliza.

"Maandishi, Bwana."

"Naona maandishi. Moja, mbili, tatu. Hii watu gani? Kwa nini ficha jina? Hii watu ya msituni?"

Nikaelewa kwamba ile kanuni yetu ya kuwalinda mashahidi ndiyo iliyonifanya nionekane mtu wa siri mbaya. Nikinyamaza, nafasi ya nne pale mtaroni ilikuwa yangu. Nikisema ni mashahidi, nitakuwa nimewakabidhi kwa mtu yule yule tuliyekuwa tukimficha majina yao. Miaka mingi nimewaambia watu kwamba pale nilimfikiria mke wangu, aliyekuwa na mimba. Si kweli. Nilijifikiria mwenyewe, na lile koti.

"Sema," akasema, na mkono wake ukashuka kwenye bastola.

"Ni mashahidi, Bwana. Wa kesi ya mkonge. Mimi ni karani wa wakili tu."

Nilijua ningeombwa majina, na nilikuwa nimeshajiandaa kudanganya. Nilikuwa na majina matatu ya uongo tayari mdomoni. Lakini hakuniuliza jina. Aliisoma karatasi tena, polepole, na kidole chake kikasimama kwenye ile mistari miwili.

"Mkono ya kushoto," akasema. Akatabasamu. Akaikunja karatasi vizuri, akairudisha ndani ya Biblia, akanipa. "Haya, enda. Salimia bwana yako."

Nilikuwa nimeshapita Witeithie ndipo nilipoteremka kwenye baiskeli nikaifungua karatasi tena. Tulikuwa tumelificha jina, nami nikauandika mkono. Katika shamba zima mafundo ya kushoto yalikuwa ya mtu mmoja, na meneja hakuhitaji zaidi ya hapo.

Bado kulikuwa na wakati. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Siku tatu nzima zilibaki. Ningemwambia wakili Jumatatu asubuhi, angetuma gari la mteja, mama yule na watoto wake wangefichwa Nairobi kwa jamaa za mteja, au angalau angeandika barua kwa wakuu. Jumatatu niliingia ofisini, nikafungua mdomo, nikaliona koti, nikaufunga. Nilihofu atanifukuza, na bila kazi ile nisingekuwa na barua ya mwajiri ya kupitia kwenye vizuizi. Jumanne nilijiambia huenda Mzungu amesahau. Jumatano nilipiga taipu hati ya kiapo ya Namba Tatu, bila kosa hata moja, nikaacha nafasi ya dole gumba.

Alhamisi mlango ukafunguliwa, naye akaingia. Nilifurahi mno kumwona akitembea kwa miguu yake hata nikasimama. Kisha nikaona mkono wa kushoto. Ulikuwa umezungushiwa kitambaa cha kanga kuanzia kwenye vidole hadi juu ya kifundo, na ulikuwa umevimba kama boga.

Wakili alikuwa ameshatandika nyuzi za mkonge mezani ili afunge. Akautazama ule mkono. Akaniambia nimuulize umepatwa na nini, maana mama yule aliongea Kikuyu zaidi, na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani.

"Nimeumia na mashine," akasema.

"Mashine gani?" wakili akauliza. "Yeye alifukuzwa shambani."

"Mashine tu." Alikuwa akitazama sakafu. "Mwambie Bwana mimi ninafunga na mkono ya kulia. Siku zote."

Nikatafsiri. Nilitafsiri vizuri, neno kwa neno, sauti yangu haikutetemeka. Akachukua nyuzi kwa mkono wa kulia, akazishika kwa meno, akafunga fundo, nalo likaelekea upande uleule wa mafundo ya watu wote. Wakili akaligeuza fundo kwa kidole. Kisha akanigeukia mimi.

"Nani alijua habari yake?"

"Sijui, Bwana," nikasema.

Akaichukua ile hati niliyoipiga taipu, akaichana mara mbili. Mwezi uliofuata mteja wetu alikubali kuiondoa kesi kortini. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Kwangu kicheko kilikwenda kweli, mtoto alizaliwa, tukasherehekea, na watu walikula wakashiba.

Lakini siku ile ya Alhamisi, wakili alipoingia chumba cha ndani, mama alibaki amesimama karibu na koti. Kitambaa kilikuwa kimelegea alipokuwa akihangaika na zile nyuzi. Akanisogezea mkono. Hakujua lolote juu yangu. Labda hata alihisi ana deni la shukrani kwangu, kwa kuwa nilikuwa nimemvutia kiti.

"Karani," akasema, "nifungie hii. Siwezi na mkono moja."

Nikamfungia.